Magunia ya Ufuta Yaliyoshusha Barabara

Barabara ilikuwa imeshuka sentimita 4. Haikushuka kwa mteremko. Ilianguka ghafla, kama mtu aliyekosea ngazi gizani, ikaenda hivyo kilomita sita na ushei, kisha ikaruka juu sentimita 4 zilezile na kuendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikuwa gesti Nachingwea, saa nne usiku, laptopu juu ya mapaja, chai imeshapoa. Niliutazama mchoro ule wa mwinuko wa barabara mpaka macho yakaniuma. Udongo wa huku una mabonde, una vichuguu, una mifereji iliyochimbwa na mvua, lakini hauna tabia ya kushuka wima na kupanda wima.

Nikadhani ni setilaiti. Kila mpima ardhi kijana hudhani ni setilaiti.

Ulikuwa mwezi wa Juni. Kazi yetu ilikuwa kuchukua mstari wa katikati na mwinuko wa barabara za vumbi zinazounganisha vijiji na maghala ya ushirika, jumla yake kama kilomita 60. Tulianza kwa mtindo tuliofundishwa chuoni: unashika fimbo yenye risiva, kifaa cha kupokea mawimbi ya setilaiti, kichwani, unatembea, unasimama, unasawazisha kipovu cha pima maji, unabonyeza, unatembea tena. Siku tatu tukawa na kilomita 9 na malengelenge. Bosi akapiga simu toka Dar es Salaam: "Si mfunge juu ya gari?" Alisema kwa wepesi wa mtu anayekwambia ongeza sukari.

Gari lilikuwa pikapu ya kukodi yenye keria ya chuma juu ya kichwa. Dereva alikuwa mzee wa Kimwera, rika la baba yangu, na mjini pale kila mtu alimwita Mjomba. Nami nikamwita Mjomba, naye akaniita mpwa. Huku kusini hayo si maneno ya utani tu. Mjomba ana haki ya kukukemea, na huyu aliitumia haki yake yote.

Kwenye boksi la vifaa kulikuwa na kitako cha sumaku, kile kinachonata juu ya bati la gari. Bati lenyewe lilikuwa limefunikwa na keria, juu ya keria kuna tairi la akiba na madumu mawili ya dizeli. Nafasi iliyobaki ilikuwa pembeni kushoto, upana wa sahani ya chai. Nikaibandika antena hapo, nikavuta waya kupitia dirishani, nikajipongeza. Tukaenda kilomita 5 na kurudi kwa njia ileile, ili nione kama kwenda na kurudi vinalingana.

Usiku nikakuta nina barabara mbili. Zilikwenda sambamba, zimeachana mita moja na sentimita 20, kila kona ikifuatwa na pacha wake. Asubuhi nikamwonesha Mjomba, nikaanza kumweleza habari za anga na mawimbi. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akasema:

"Mpwa, barabara ni moja. Mimi nimepita kwenye matairi yaleyale. Hiyo sahani yako umeiweka upande wa abiria. Tukienda iko upande wa mikorosho, tukirudi iko upande wa shule."

Antena ilikuwa sentimita 60 kutoka katikati ya gari. Sentimita 60 kulia, sentimita 60 kushoto, jumla mita 1.2. Hapakuwa na mawimbi wala anga. Programu inaweza kuiondoa tofauti ya namna hiyo, kama umeipa vipimo na kama inajua gari linaelekea wapi kila sekunde. Ila mwelekeo huo inausoma kutokana na mwendo. Gari likisimama kupisha ng'ombe, mwelekeo unapotea. Likirudi rivasi, linahesabiwa limegeuka. Rahisi ni kuiweka antena katikati tangu mwanzo. Na lilikuwepo kosa la pili pale pale: lile tairi na madumu yalikuwa marefu kuliko antena. Mawimbi yanagonga chuma kwanza, ndipo yanaifikia antena yamechelewa, hivyo antena inasikia sauti na mwangwi wake kwa pamoja, na haijui aliyesema ni nani.

Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea, nyuma ya soko. Nilitaka sahani ya chuma ikae juu ya keria, kwenye mstari wa katikati wa gari, juu kuliko kila kitu kilichobebwa. Sahani haikumpa shida. Shida ilikuwa bolti. Vifaa vya upimaji, viwe vimetengenezwa Japani, Uswisi au China, vinakalia bolti ya inchi 5/8 yenye nyuzi 11 kwa kila inchi. Ni kipimo cha kizamani ambacho dunia ya wapima imekataa kukiacha. Maduka ya Nachingwea yanauza bolti za milimita. Ile ya milimita 16 inakudanganya: inaingia mizunguko miwili vizuri kabisa, halafu inakaza, na ukiilazimisha unaharibu kitako cha kifaa cha mamilioni.

Fundi akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na kopo la maziwa ya unga limejaa kutu. Akachambua, akatoa bolti moja nene, akaipiga brashi na mafuta. Ikaingia mpaka mwisho kwa vidole viwili. Akasema aliirithi kwa baba yake, na kwamba ni ya matrekta ya karanga. Simulizi hiyo utaisikia kwa kila mzee wa mji ule: mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa kulima karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake, wakaleta mitambo, wakajenga na reli kutoka Mtwara, mwaka 1951 mradi ukafa, na reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kama bolti ile kweli ilitoka huko siwezi kuapa, maana huko kila chuma kilichozeeka husemwa ni cha karanga. Ninachojua ni kwamba nyuzi zake zilikuwa za inchi, na zilikubali.

Fundi alisimamisha bomba moja katikati ya keria, akaweka sahani juu. Lilipendeza. Njiani lilitikisika kama mnazi. Tukarudi, akaongeza mikono mitatu ya chuma bapa kutoka kwenye bomba kwenda pembe za keria, na keria yenyewe akaikaza kwenye bodi kwa bolti badala ya zile klipu zake. Tulipomaliza, mimi na kijana wa kazi tukaishika sahani tukaitikisa kwa nguvu zetu zote: gari zima likatikisika pamoja nayo. Hapo nikaridhika. Nikafunga na kamba ya manila kutoka shingoni mwa antena hadi kwenye keria, kwa sababu bolti ya urithi ni ya kuheshimiwa, si ya kuaminiwa peke yake.

Umeme usichukue kwenye tundu la sigara. Dereva akipiga stata, volti zinashuka, risiva inazima na kuwaka upya, na faili lako linakatika vipande. Tulinunua betri ya pikipiki, volti 12, tukaiweka chini ya kiti. Waya uingie kwa kuning'inia kidogo chini ya dirisha kabla ya kupanda ndani, maji ya umande yadondokee nje. Na usiupitishe pale mlango unapobana. Nilibana mmoja, ukapona juu juu na kufa ndani, nikapoteza nusu siku nikiutilia shaka mtambo mzima.

Kwa besi, yaani risiva ya pili inayokaa tuli ili ya gari ilinganishwe nayo, tulitumia pointi ya wapima, yenye namba za mahali zinazojulikana, iliyokuwa kwenye kiwanja cha shule, tripodi juu yake, kijana mmoja akikaa kivulini kulinda watoto wasije kuuliza kwa mikono. Karatasi ya pointi hiyo ilikuwa na namba za aina mbili, za mfumo wa zamani wa ramani, Arc 1960, na za mfumo mpya wa TAREF11, na ukizichanganya unahamisha kazi yako karibu mita 300. Hilo lina kisa chake, kisa cha siku nyingine. Redio ya besi ilikuwa inafika mpaka bonde la kwanza tu, mtandao wa simu nao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na nauli. Basi tukaacha kutafuta majibu ya papo kwa papo. Besi ikawa inarekodi kivyake, gari linarekodi kivyake, usiku nazikutanisha kwenye laptopu. Kila siku tulianza na kumaliza kwa kusimama tuli dakika kumi mahali peupe, ili hesabu ipate pa kushikia. Usumbufu wa njia hii ni kwamba makosa ya mchana unayajua usiku, ukiwa umeshavua viatu.

Kuhusu spidi, Mjomba alitaka 40. Kwa 40 kwa saa, gari linakula mita 11 kila sekunde; ukirekodi mara moja kwa sekunde unaruka matuta na mashimo kama hayapo. Tukakubaliana 20, risiva ikarekodi mara tano kwa sekunde, pointi ikaangukia kila mita moja na kidogo. Mjomba alisema hajaendesha hivyo tangu siku alipombeba bibi harusi.

Halafu mikorosho. Mtu asiyefika huku haelewi mkorosho uliozeeka. Matawi yake yanatambaa, na barabara nyembamba inapita katikati ya miti miwili kama inapita chini ya paa. Antena inahitaji angalau setilaiti nne, na kwa kazi ya sentimita inataka nyingi zaidi ya hizo, bila kukatizwa. Chini ya mkorosho zinakatika moja moja, zinarudi, zinakatika. Kibaya zaidi ni pale hesabu inapokwambia imefiksi, yaani imepata jibu la uhakika, kumbe imefiksi uongo, na unapata nukta safi kabisa, zimepangana, zote ziko nusu mita pembeni. Sehemu hizo nilizikubali kwa uchungu. Tulishuka kwenye gari tukapima kwa totali steshini, mtambo wa tripodi unaopima kwa kulenga bila setilaiti, kutoka upande wenye mwanga hadi upande wa pili. Zilikuwa kama kilomita 3 za jumla, na zilitugharimu siku nyingi kuliko 50 nyingine zilizobaki.

Juni pia ni msimu wa salfa. Alfajiri, upepo haujaanza na majani yana umande, wakulima wanawasha mashine na kupuliza unga wa njano juu ya mikorosho. Tulikuwa tunapita kwenye ukungu wa salfa na kutoka upande wa pili tumepauka, macho yanawasha. Mawimbi hayajali salfa. Nyuzi za bolti na vichwa vya waya ndivyo vinavyojali. Kila jioni nilifuta kila kiungo kwa kitambaa kikavu na kuviziba kwa mfuko wa nailoni.

Vijijini walitutazama. Gari lenye uyoga mweupe kichwani, linakwenda polepole kuliko baiskeli, halisalimii mtu: nani asingeuliza? Lindi na Mtwara wameshaona magari ya gesi na magari ya madini. Mwenyekiti mmoja wa kitongoji alitusimamisha, akasalimiana na Mjomba kwa Kimwera kwa muda mrefu, kisha akanigeukia: "Ni kinywe au nikeli?" Nikamwambia ni barabara, mzee wangu. Akatazama antena, akatazama barabara. "Barabara iko chini, nyie mnatazama juu." Sikuwa na jibu zuri wakati ule. Tangu siku hiyo tulianza kila kijiji kwa mtendaji, tunaeleza, tunaandika kwenye kitabu cha wageni, ndipo tunawasha.

Sasa nirudi kwenye zile sentimita 4.

Asubuhi baada ya usiku ule nilimwuliza Mjomba kama jana kuna mahali gari liligonga kitu, labda keria imelegea. Akasema hapana. Nikamwuliza kama kuna mahali tulisimama. Akakohoa. Mimi siku hiyo nilibaki kwenye besi kwa sababu betri yake ilisumbua. Gari alilipeleka yeye na kijana wa kazi. Akakohoa tena.

"Kuna shangazi mmoja alikuwa na ufuta wake anaupeleka ghala la ushirika. Magunia manne. Na wanawe wawili. Nikasema, mpwa mwenyewe hayupo."

Nikafungua mchoro. Barabara ilianguka mahali shangazi alipopanda, ikapanda mahali aliposhuka, mbele ya ghala. Nilimwonesha. Mjomba aliinama akaitazama skrini kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefumaniwa na polisi asiyeonekana: "Kumbe hiki kitu kinaona mpaka abiria."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini nilichokuwa nacheka ni ujinga wangu. Siku ya kwanza nilipima urefu toka ardhini hadi kitako cha antena: mita 2.31, gari tupu. Nikaiandika kwenye programu na kuisahau, kana kwamba gari ni tripodi. Gari limekalia springi. Magunia manne na watu watatu wanaikandamiza nyuma, kichwa nacho kinashuka, antena inashuka nacho, na programu inaendelea kupunguza 2.31 ileile kila mahali. Inayoonekana kushuka ni barabara. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu na zilifanya kazi yao. Makosa yangu, la pacha na hili la ufuta, yote yalikuwa ndani ya mita mbili na kitu kati ya antena na vumbi.

Basi nikaanza kupekua data za siku zilizopita kama mtu anayesoma barua za watu. Dizeli ilivyopungua kwenye madumu, sentimita moja kasoro. Mahali Mjomba alipotoa upepo kwenye matairi ili kuvuka mchanga wa kijito kimoja, na hakuujaza mpaka jioni: sentimita 2. Siku mwenyekiti alipoomba lifti na ujumbe wake wote: sentimita 3. Ningeweza kumwandikia bosi orodha ya abiria.

Dawa yake haikuwa ngumu. Tuliomba ruhusa kwa mlinzi wa ghala, tukaingiza gari ndani, kwenye sakafu ya saruji iliyopimwa na pima maji. Nikadondosha timazi kutoka chini ya antena, nikapima vizuri mara tatu. Kisha nikapaka alama ya rangi nyekundu kwenye ukingo wa bodi, usawa wa bomba la antena. Kutoka alama hiyo kwenda antena hakubadiliki, kwa sababu ni chuma kwa chuma. Kutoka alama kwenda ardhini ndiko kunakobadilika, na huko kunapimwa kwa tepu kwa nusu dakika: asubuhi, baada ya kujaza mafuta, baada ya kugusa upepo wa matairi, na kila mtu anapopanda au kushuka. Kijana wa kazi aliandika kwenye daftari, saa na kipimo.

Mteremko wa pembeni ulibaki. Gari likiinama digrii 5 kwenye ukingo wa barabara iliyoliwa na maji, antena iliyo mita 2.31 juu inahama kama sentimita 20 kwenda upande wa bonde, wakati matairi yako palepale. Kuna vifaa vinavyopima kuinama huko na kurekebisha. Sisi hatukuwa navyo. Tulichofanya ni kuziandika sehemu zilizoinama na kuzirudia kwa fimbo. Pia tuliacha kufukuzana na jua: likishazama, ukanda huu wa karibu na ikweta tabaka la juu la anga hutibuka na mawimbi huyumba, kwa hiyo saa kumi na moja jioni tulikuwa tunazima.

Nilichagua kalavati moja la zege ambalo lazima tulipite kila siku, tukalifanya shahidi. Kabla ya rangi nyekundu, lilikuwa linapanda na kushuka hadi sentimita 6 kati ya asubuhi na jioni. Baada yake, kwa siku nane mfululizo, halikutoka nje ya sentimita moja na nusu. Nikapima na pointi 12 kwa fimbo na kipovu, za mbali na mikorosho, nikalinganisha na za gari. Zilikubaliana kiasi cha kunifanya nile ming'oko ya jioni kwa raha.

Siku ya mwisho zilibaki kilomita 4. Kwenye njia panda tukamkuta shangazi yuleyule, safari hii na magunia matatu, amekaa juu yake kama anayejua ratiba yetu. Mjomba akapunguza mwendo mpaka gari likasimama kabisa. Hakuniangalia mimi, aliangalia daftari.

Nikashuka. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo na mimi nitapimwa?"

Tukapakia. Nikachutama kwenye ile alama nyekundu, nikavuta tepu mpaka kwenye vumbi, nikamtajia kijana wa kazi kipimo: imeshuka sentimita 3. Akaandika: saa tano na dakika ishirini, magunia matatu, shangazi mmoja.